Dawa ya Jumanne

Namba iliyomharibia siku ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na katika ofisi ile kalamu nyekundu ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Darubini aliitazama mara mbili. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, naye alikuwa amesimama kwenye kaunta ya maabara ya mamlaka ya maji akingojea muhuri. Alichotaka ni nakala ya daftari la vipimo, igongwe muhuri, aitie kwenye faili, na saa tisa alasiri aingie nayo mbele ya kamati ya nidhamu kummaliza fundi valvu waliyemwita Spana. Aliihesabu kuwa kazi ya dakika tano. Lakini dada wa maabara, mwanamke mtaratibu mwenye koti jeupe ambalo mifuko yake haikosi vichupa, alikuwa amemfungulia ukurasa ambao hakuuomba.

"Na huu je, niutoe nakala?" aliuliza. "Barua ya kamati inasema mtuhumiwa aonyeshwe daftari lote, siyo kurasa ulizozichagua wewe."

"Ukurasa huo una nini?"

"Una kalamu yako."

Kwenye mstari wa kituo cha kupimia maji namba kumi na moja, tarehe ya miezi miwili iliyopita, paliandikwa sifuri nukta sifuri tano. Juu ya namba hiyo ulipita mstari mwekundu, na pembeni palikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wake mwenyewe, wa mtu mwenye haraka zake: kosa la kifaa.

Jina la Darubini alipewa na wenzake wa kitengo cha upotevu wa maji, kwa sababu alikuwa anaona wezi akiwa kitini. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kejeli, na yeye alilipokea lote kama sifa. Mbinu yake haikuwa na uchawi. Maji yanapotoka kwenye tangi kuu hutiwa klorini, ile ambayo watu huiita dawa, na dawa hiyo hupungua kadiri maji yanavyokaa ndani ya bomba. Ukiletewa kikombe cha chai, ubaridi wake unakwambia imechukua muda gani kutoka jikoni. Na maji ni hivyo hivyo. Yakifika mwisho wa mtandao yakiwa bado na dawa nyingi, yamekwenda mbio, maana yake huko mwisho kuna watu wanayavuta kwa wingi. Yakifika hayana kitu, yamelala njiani, maana yake hakuna anayeyachota.

Mita za mtaa wa Mlimani zilikuwa nusu hai nusu mfu, hazikuaminika. Darubini akaachana nazo. Alichukua vipimo vya dawa ambavyo maabara ilivikusanya kila wiki kwa ajili ya afya za watu, akakadiria kwa vipimo hivyo kiasi cha maji kinachotumika mtaa mzima, na hakuinuka kitini. Hesabu ikamwambia kwamba nyumba mia mbili na kumi za Mlimani zinavuta maji ya nyumba mia saba. Nyumba hizo mia tano za ziada hazikuwepo. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayeyachepusha maji kule juu, na aliyeshika funguo za valvu za kule juu alikuwa Spana peke yake. Meneja alimsifu Darubini mbele ya wafanyakazi wote, na kichwa kikamvimba wiki nzima.

"Kifaa kilikuwa kibovu siku ile," alisema sasa.

"Kifaa kile kile kilipima vituo vingine kumi siku ile ile. Hivyo hukuvikata."

"Basi mlikosea kusoma."

"Niliyesoma ni mimi." Dada wa maabara alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. "Ilikuwa Alhamisi. Jumanne ya wiki ile nilikuwa msibani, mjomba wangu alifariki. Nikaenda Alhamisi."

"Na Jumanne nyingine zote?"

"Nukta nane, nukta tisa, nukta nane. Miaka miwili sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanijibu kwamba namba moja haiwezi kubishana na namba mia."

Darubini alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba aliyasema maneno hayo akiwa anacheka.

Hakupenda kushindwa asubuhi, hivyo akili yake ilikimbilia jibu lililokuwa karibu. Spana anajua siku ya vipimo. Kila Jumanne alfajiri anaisafisha laini, anaingiza maji mapya, ili pasitokee malalamiko ya uchafu yatakayowaleta wakaguzi. Maana yake ana mtu ndani anayempa habari. Alipoinua macho alikuta dada wa maabara anamtazama.

"Unanifikiria mimi," alisema.

"Nafikiria kila mtu."

"Fikiria na hili basi. Jana ilikuwa Jumanne. Kituo namba kumi na moja nilipata nukta nane. Funguo za Spana ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye droo ya Darubini. Alizichukua mwenyewe, siku kumi zilizopita, na tangu siku hiyo hakuna mkono uliogusa valvu yoyote ya Mlimani. Kama Spana ndiye aliyekuwa anayakimbiza maji, basi maji yangekuwa yamepoa. Hayakupoa.

"Hebu niambie," alisema kwa sauti ya chini, "Alhamisi ile mwenye nyumba alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alikwenda kliniki ya macho, mpangaji ndiye aliyenifungulia lango."

"Na siku za Jumanne?"

"Jumanne huwa ananingoja barazani. Kiti kimeshatolewa, chai iko kwenye chupa, bomba limesuguliwa linang'aa." Aliweka kidole kwenye namba kumi na moja. "Lakini ile nyumba si wewe unayeijua? Ni ya shangazi yako."

Ilikuwa ya shangazi yake. Fomu ya kuchagua vituo ilitaka nyumba ya mtu anayeaminika, iliyo mwisho kabisa wa laini, na Darubini alipoitazama ramani mezani kwake alifurahi kuona hana haja ya kwenda kutafuta. Aliandika nyumba ya shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu darasa la pili. Aliwaza kwamba sasa atakuwa na sababu ya kupita pale kila mara. Hakupita hata mara moja.

"Niazime sanduku la vipimo," alisema.

*

Shangazi alikuwa anachagua mchele barazani. Alipomwona aliinuka haraka hadi ungo ukataka kumwagika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Marahaba." Alimshika mikono yote miwili, akamtazama usoni, kisha akatupa jicho kwenye bomba la nje kana kwamba ni mtoto asiyevaa vizuri mbele ya wageni. "Mbona hukusema unakuja? Ningejitayarisha. Leo si Jumanne."

Maneno hayo yalimwingia Darubini vibaya. Katika kazi yake alishahoji watu wengi, na alijua jinsi mtu anavyozungumza anapoitaja siku asiyoulizwa. Hakutaka kumsikia shangazi yake akizungumza hivyo.

"Nina kiu," alisema. "Naomba maji."

"Nitakupa chai."

"Maji tu, shangazi."

"Chai iko tayari," alisema Shangazi, naye akaingia ndani kabla hajajibiwa.

Darubini alibaki uani na sanduku lake. Alilifungua bomba la nje. Maji yalitoka safi, bila harufu, ila yalitoka bila nguvu, yakianguka kwa uzito wake mwenyewe. Alikinga kichupa, akatia kidonge cha kupimia, akatikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi. Sifuri nukta nne. Jana yalikuwa nukta nane, leo nusu yake, bomba lile lile. Aliinua macho kufuata bomba: lilipanda ukutani, likapita chini ya dirisha la jikoni, likaishia kwenye tangi jeusi la plastiki lililofichika nyuma ya paa. Mtu aliyesimama uani akalifuata bomba kwa macho angeliona. Mtu aliyekaa ofisini na ramani hangeliona mpaka mwisho wa dunia.

Karibu na lango, kabla ya mita, kulikuwa na koki ndogo ya kufungia maji ya mtaa. Aliilegeza kwa koleo. Kwanza hakikutoka kitu, kisha yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Akakinga, akatia kidonge, akatikisa, akangoja dakika nzima na nyingine. Hayakugeuka hata kidogo. Sifuri.

Alipogeuka alimwona Shangazi amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Umeyaona," Shangazi alisema.

"Nimeyaona. Shangazi, Jumanne huwa unaweka nini kwenye tangi?"

Alikiweka kikombe dirishani, akafuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Vifuniko vinne," alisema. "Ile dawa ya kutibia maji, ya chupa. Alfajiri, kabla yule binti hajaja. Nakoroga kwa ufito, kisha nayaacha yatulie, uchafu ukae chini."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Alikaa kwenye kiti alichokuwa akimtolea dada wa maabara. "Yule binti alipokuja mara ya kwanza alisema ametumwa kutoka ofisini kwenu kupima maji ya nyumba hii. Nikamfungulia bomba, yakatoka haya unayoyaona. Mbele yake! Nikamwambia ngoja, usiandike leo, rudi wiki ijayo, bomba limetoka kutengenezwa. Akakubali, ana adabu yule. Nikaona haya, mwanangu. Mtaa mzima unajua kwamba mtoto niliyemlea ni mkubwa huko kwenye maji. Iandikwe kwenye daftari la ofisi yake kwamba kwa shangazi yake kunanuka?"

"Kwa hiyo ukapandisha tangi."

"Nikapandishiwa. Na tangu siku hiyo kila Jumanne binti akitikisa kichupa chake yanakuwa mazuri, mekundu, ananiambia nzuri sana mama. Nami nafurahi." Alimtazama kwa wasiwasi. "Kwani si nyinyi mnaotaka yawe na dawa? Nilidhani huo ni mtihani wa nyumba. Nikaona bora nifaulu."

Darubini alitaka kucheka, kisha akaona mahali hesabu inapoelekea. Maji ya koki yasiyo na dawa kabisa yamelala bombani siku nne au tano. Hakuna anayeyachota.

"Majirani wanatumia maji gani?"

"Ya mkokoteni. Haya tunafulia matambara tu. Zamani tulikuwa tunachota, yakaanza kubadilika rangi kidogo, watu wakapunguza. Walipopunguza yakazidi kuharibika. Sasa hakuna anayeyataka."

"Kwenye simu kila mara ulikuwa unaniambia maji yapo."

"Si yapo?" Shangazi alisema. "Hukuniuliza yakoje."

Alitoa daftari dogo, akapiga hesabu upya akiwa amesimama, mgongo kwenye ukuta. Nyumba mia mbili na kumi hazikuwa zinavuta maji ya nyumba mia saba. Hazikuwa zinavuta hata ya ishirini. Maji yaliyokuwa yanapotea hayakuwahi kupanda mlima huu, yalipotelea huko chini, kabla ya valvu ya kwanza ya Spana. Mwizi wake wa Mlimani alizaliwa kwenye vifuniko vinne vya chupa na akakuzwa na kalamu nyekundu. Darubini aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu utu uzima, aibu ya mtoto aliyekamatwa, inayowasha masikio.

"Shangazi, unamfahamu Spana?"

"Fundi? Nani asiyemfahamu? Tena masikini, wamemsingizia wizi wa maji. Gari la ofisi yenu lilikuja mpaka mlangoni kwake. Nililia siku ile." Alionyesha paa kwa kidole. "Yeye ndiye aliyenipandishia tangi. Alilibeba mgongoni kutoka barabarani, akakataa hata chakula. Nilimwomba asimwambie mtu kuhusu maji yangu, akasema mama, midomo yangu ina koki."

Darubini alifunga daftari. Kwenye mahojiano na Spana alikuwa ameuliza maswali kumi na mawili, yote ya ndiyo au hapana. La tisa lilikuwa hili: umewahi kufanya kazi ya binafsi kwenye nyumba ya mteja wa Mlimani? Spana alijibu ndiyo, akafungua mdomo kuendelea, na Darubini akamwambia inatosha. Ile ndiyo aliipigia mstari mara mbili kwenye ripoti.

Alimweleza Shangazi yote. Alimweleza kwa maneno mafupi, akitazama sakafu, jinsi dawa inavyohesabiwa, jinsi Jumanne zake zilivyogeuka wizi wa mtu mwingine. Shangazi hakulia. Alirudi kwenye ungo wake, akaupakata, asichague chochote.

"Ni mimi basi niliyemfukuzisha kazi," alisema.

"Siyo wewe. Ni mimi."

"Leo utasema huko mbele za watu kwamba maji yangu yananuka."

"Nitasema."

Mpangaji alipita na ndoo, akasalimia, hakujibiwa na mtu.

"Sema," Shangazi alisema mwishowe. "Lakini ukisema hilo, sema pia kwamba hukuwa unakuja."

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, viti saba na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Spana alikaa upande wa mlango, mtu mfupi mwenye mabega mapana, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Hakumtazama mtu. Meneja alisikiliza maelezo ya Darubini ya dakika tatu za kwanza, akainua kiganja.

"Nimeelewa," alisema. "Kuna shaka kwenye vipimo. Hakuna haja ya kuchimbana. Tuandike hitilafu ya kifaa, shauri lifungwe kwa kukosa ushahidi, fundi arudi kazini Jumatatu. Kila mtu anabaki na heshima yake."

Mlango ulikuwa wazi kwa namna hiyo. Darubini angeweza kuupita akiwa na jina lake zima. Aliona hata wajumbe wawili wameanza kukusanya karatasi.

"Kifaa hakina kosa," alisema.

"Bwana Darubini."

"Na ushahidi haukukosekana, mheshimiwa. Ulikuwepo, niliukata mimi kwa kalamu. Mtu wa maabara aliniletea namba ya kweli, nikamcheka. Kituo nilikichagua kwenye ramani kwa sababu ni nyumba ya shangazi yangu. Ndani ya miaka miwili sikukanyaga pale hata siku moja. Ningekanyaga ningeliona tangi, lipo nyuma ya paa mchana kweupe. Shangazi yangu alitia dawa kwenye tangi kwa sababu maji tunayompelekea yananuka na alionea aibu hali hiyo kwa niaba yangu. Spana hakuchepusha maji. Mlimani hakuna maji ya kuchepusha. Yanapotea chini, kabla ya kufika kwake, na wapi hasa bado sijui. Nilimwita mtu mwizi kwa hesabu niliyoifanya bila kutoka nje."

Meneja aliitazama kalamu yake kwa makini kama mtu anayechunguza kama imeharibika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi tutakuwa na kikao kingine wiki ijayo, na hicho kitakuwa chako." Meneja alimgeukia Spana. "Fundi, una la kusema?"

Spana alisimama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko mabega yake.

"Swali la tisa," alisema, akimwambia Darubini peke yake. "Nilipojibu ndiyo, ungeniuliza nyumba ipi."

Darubini alitoa funguo za valvu mfukoni, fungu zito la chuma, akazisogeza kwenye meza. Spana hakuzigusa.

"Hizo hamkuzichukulia hapa," alisema. "Mlizichukulia mlangoni kwangu."

*

Spana alikataa kupanda gari. Aliupanda mlima kwa miguu, na Darubini akaliacha gari chini akamfuata, hatua kumi nyuma, funguo zikimgonga pajani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo kila mtu yuko nje. Mkokoteni wa maji ulikuwa umesimama njiani na wanawake watano au sita wameuzunguka na madumu. Waliacha kuzungumza walipowaona, wakaanza tena kwa sauti ya chini walipopita.

Mke wa Spana alikuwa anaanua nguo mbele ya nyumba. Alikuwa mrefu kuliko mumewe, na vibanio viwili vya nguo vilikuwa mdomoni mwake. Spana aliketi kwenye kizingiti akaanza kufungua viatu. Mke aliviondoa vibanio mdomoni, akavitia mfukoni, akamsubiri Darubini afike.

"Nimeleta funguo," Darubini alisema.

"Naziona."

"Kamati imekwisha. Mumeo hakuiba maji."

"Mimi hilo nalijua. Nimelala naye miaka kumi na sita." Hakunyoosha mkono. "Siku ile mlikuja na gari lenye nembo mlangoni. Mkasimama wapi?"

Darubini alionyesha kwa kidevu. "Pale barabarani."

"Na ulisema kwa sauti gani?"

Alikumbuka vizuri. Siku ile upepo ulikuwa mkali, na alitaka kila mtu ajue kwamba mamlaka haichezewi. "Kwa sauti kubwa."

"Basi nenda pale."

Akaenda. Ilikuwa hatua nane tu. Alisimama katikati ya njia, funguo mkononi, wanawake wa mkokoteni upande mmoja na nyumba za jirani upande mwingine, na akagundua kwamba hajui aiweke wapi mikono yake.

"Fundi Spana hakuiba maji," alisema.

Sauti ilitoka kavu, ikaishia miguuni pake. Ng'ambo ya njia, mzee mmoja aliyekuwa anapaka rangi lango lake aliinua brashi.

"Unasemaje? Sijasikia."

Darubini alimtazama mke wa Spana. Alikuwa amerudi kwenye kamba, anaanua shati, mgongo umemgeukia, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Spana kizingitini alikuwa na kiatu kimoja mkononi.

"Fundi Spana hakuiba maji," Darubini alisema tena, safari hii kwa sauti ile ile ya siku ile, na masikio yakamwaka moto. "Hakuiba. Hajawahi kuiba. Ilisemwa uongo."

Mzee aliiweka brashi juu ya kopo, akavuka njia polepole mpaka akamkaribia, akamwangalia kuanzia viatu hadi kola kama mtu anayetaka kuhakikisha habari kabla hajaipeleka kwa wengine.

"Na wewe ni nani," aliuliza, "unayeyajua hayo?"

"Mimi ndiye niliyemwita mwizi."